Kikoba cha Nambilanje Kilivyozikwa na Mtani

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya ukaguzi wa vikoba, karibuni. Na wewe unayecheka hapo eti mtu anastaafu ana miaka ishirini na tisa, cheka umalize, halafu uniambie umefungua makasha mangapi. Mimi nimefungua mpaka vidole vimeota sugu. Miaka sita, kutoka Nachingwea mpaka Ruangwa yote, kwa bodaboda, kwa baiskeli, na siku moja kwa trekta la mtu niliyekuwa nimetoka kumgombeza asubuhi yake. Kustaafu siyo mvi. Mimi nimestaafishwa na kanuni, tena kanuni niliyoiandika kwa mkono wangu mwenyewe. Nitafika huko, msinikimbize.

Kazi hii sikuisomea. Nilikuwa natoa kopi kwenye steshenari pale Nachingwea mjini. Siku moja mwanachuo kaleta makaratasi mazito kama tofali, kasema anarudi saa kumi, mpaka leo hajarudi. Nikayafungua. Kiingereza kitupu: sheria za kusimamia mabenki kwenye nchi za Ulaya zilizoungana zikatumia pesa moja. Nani mkaguzi, benki ikiyumba nani anaifunga, nani anaumia kwanza. Nikayasoma kwa kamusi ya simu masika nzima, ukurasa mmoja kwa siku, nagombana nayo kwa sauti mpaka wateja wanauliza naongea na nani. Kuna mahali walisema benki mbovu ikifungwa inatengenezwa benki ya daraja. Mwezi mzima niliamini wakaguzi wa Ulaya wanatembea na mbao na misumari.

Sasa wakati huohuo Bi Somoe, mama wa vitumbua pale stendi, alikuwa ameunganisha vikoba vya wilaya mbili vikawa Umoja. Kikoba mnakijua: watu kama thelathini, kasha moja la bati, kufuli tatu, funguo tatu kwa watu watatu. Kila wiki unanunua hisa, unagongewa muhuri kwenye kitabu chako, unakopa kwa zamu. Alichofanya Bi Somoe ni kwamba muhuri ukawa mmoja, na hisa ikawa na thamani moja, kuanzia Lionja mpaka Nambilanje. Binti akiolewa kutoka Ruponda kwenda Ruangwa, anahama na kitabu chake kama anavyohama na sufuria zake. Tamu, eh? Tamu mpaka kikoba kimoja kioze. Muhuri ukidharauliwa Nambilanje, na Lionja hakuna atakayeutaka. Ni uleule.

Bi Somoe hajui kusoma, ila ukimpa chenji pungufu anakukumbusha mwaka unaofuata. Siku nilipomsimulia makaratasi yangu aliacha vitumbua viungue, jambo ambalo sijaliona tena.

"Shaibu, kwenye hayo makaratasi, mjomba anamkagua mpwa wake?"

"Hapana, Bi mkubwa. Anakagua mtu wa nje."

"Kumbe na waliosoma wana akili. Basi kesho njoo na kalamu."

Tukaandika kanuni. Yeye anasema, mimi naandika, vitumbua vinalipwa na Umoja. Kanuni ya kwanza: mkaguzi atoke upande wa pili, asiwe na ndugu wala shemeji kwenye kikoba anachokagua. Ya pili: kikoba kikianguka, anayeungua kwanza ni yule aliyelala karibu na jiko, yaani viongozi na wenye hisa kubwa. Wenye hisa ndogo ndiyo wa mwisho kuguswa. Ya tatu: kikoba kikifungwa, kifungwe baada ya swala ya Ijumaa, na Jumatatu gulio likianza wenye vitabu wakute mahali pa kwenda. Hiyo ndiyo daraja. Mbao sikuzitumia.

Mwenyekiti mmoja wa Ruangwa aliposikia kanuni akasema kwa simu kwamba Umoja unaendeshwa na muuza vitumbua. Mimi mtu akimgusa Bi Somoe naona giza. Nikawasha pikipiki niende nikamweleze uso kwa uso. Petroli ikaniishia Ruponda. Nikasukuma pikipiki jua la saa saba, natukana, na nilipopata petroli ya chupa hasira ilikuwa imekwisha, nikarudi nyumbani. Bi Somoe akanipa maji. "Hasira yako nzuri," akasema, "ila haina tenki."

Mambo ya kazi yenyewe ni haya. Hesabu kwanza, kula baadaye. Mimi kikoba changu cha kwanza nilikaribishwa kuku na wali wa nazi kabla sijaona kasha. Nikala vizuri sana. Kasha likafunguliwa likawa pungufu, na mdomo wangu haukufunguka, kuku yumo ndani anauzuia. Nikaandika "hali ni nzuri". Bi Somoe alinirudisha kesho yake nikafute, kwa nauli yangu.

Kingine, angalia funguo zinatoka wapi. Zikitoka kwa watu watatu, sawa. Zikitoka mfuko mmoja, kaa chini, una kazi. Na usiangalie daftari sana. Daftari linaandikwa na mtu anayejua unakuja. Angalia nyumba ya mwenyekiti. Kuna kitu kipya? Kinafaa nini? Nani mwingine kijijini anacho?

Na hapa ndiyo tunafika Nambilanje.

Kikoba kile mwenyekiti wake alikuwa Mzee Chitanda, mtu mcheshi, kofia ya kiua, anacheka kabla hujamaliza salamu. Nilifika Ijumaa mchana. Nikaangalia nyumba, nikaona kitu kipya. Spika nne, nyeusi, kila moja imempita urefu mwenye nyumba. Zilikuwa zimekaa uani chini ya turubai kwa sababu hazikuingia mlangoni. Kuku walikuwa wanalala juu yake.

"Za nini hizi, mzee?"

"Za ngoma, mjukuu. Msimu wa jando na unyago watu watakodi mpaka wagombane."

"Na wamekodi?"

"Mara moja. Zikapasuka sauti wimbo wa pili. Wakarudi kwenye ngoma za ngozi. Watu wa huku washamba."

Nikamwomba daftari. Mikopo ya mwaka ule ilikuwa kama kumi hivi, majina tofauti, mwandiko mmoja. Nikasema wakopaji wote waje niwaone sura. Wanachama walishajaa uani, maana mkaguzi kijijini ni sinema. Wa kwanza akaja: mke wa Mzee Chitanda. Wa pili: mke mdogo. Wa tatu mkwe, wa nne mtoto wa mkwe, wamebeba aibu usoni kama mzigo wa kuni. Wa tano nikasoma, "Simba Chitanda." Hakuinuka mtu. Nikapaza sauti: "Simba Chitanda!"

Akaja. Mbwa. Mwekundu, sikio moja limekatika, akakaa mbele yangu kama mtu aliyeitwa kusaini.

"Mzee, huyu ndiye aliyekopa?"

"Ni wa nyumbani," akasema Mzee Chitanda, anaangalia juu.

"Na dhamana yake nini?"

"Ana meno!" akajibu mama mmoja kutoka kwenye mkeka, na uwanja wote ukalipuka.

Mama huyo ndiye Bibi Tabia, na naomba mumshike kichwani. Bibi Tabia alikuwa anaweka hisa mbili mbili kila wiki, za kuuza mihogo, apate bati. Masika iliyopita paa lake la nyasi lilivuja akalala amekumbatia ndoo. Alinionyesha kitabu chake, mihuri imejaa, kila muhuri kwake ni kipande cha bati. Mfukoni alikuwa na kamba aliyopimia paa. Mvua zilikuwa zimebaki wiki chache. Bati zake zilikuwa ndani ya zile spika, na yeye alikuwa anachekea mbwa.

Kasha likafunguliwa kwa funguo tatu. Mbili alitoa Mzee Chitanda. Ya tatu alitoa binti mmoja anaitwa Mwanahawa, aliyeifunga kwenye pindo la kanga na hakuwa amempa mzee hata siku moja; alifungua mwenyewe siku za mikopo tu. Ndiyo maana kasha halikuwa tupu kabisa. Kilichobaki kilitosha wenye hisa ndogo tu, kama hakuna mtu atakayekigusa.

Nikasimama. Nikatoa karatasi ya Umoja. Nikasoma kwa sauti ya serikali: kikoba hiki kimeanguka, kinafungwa kuanzia sasa, kasha lisiguswe, viongozi wanaondoka.

Wakacheka.

Hawakuguna, walicheka. Mmoja akapiga makofi. "Myao leo kaja na karatasi!" Mzee Chitanda akajifuta machozi kwa kofia. "Endelea, mjukuu, endelea, unajua sana."

Sasa ndiyo nikaliona shimo tulilochimba mimi na Bi Somoe. Mimi Myao wa Lionja. Wale Wamwera. Ni watani wangu toka mababu. Mtani akikuambia nyumba yako inaungua, unamjibu na yako imeshaungua, mnacheka, mnaendelea. Tumeandika kanuni mkaguzi atoke upande wa pili, asiwe ndugu. Na upande wa pili hapa kwetu, mtu asiyekuwa ndugu yako ni nani? Mtani! Tumewatuma watani wakaseme mambo mazito. Hao wa Ulaya hawakuandika habari hii popote, nimetafuta.

"Nasema kweli!" nikafoka. "Kikoba kimekufa!"

"Poleni wafiwa!" wakaitikia.

"Hamna mwenyekiti!"

"Na wewe huna nyama ya mwili, umejaa shati tupu! Wayao mashati, matumbo hewa!"

"Nyie wala ming'oko, sikilizeni mtu mzima anapoongea!" Hapo nikakosea kabisa. Ukishamtaja mtani kwa chakula chake, umefungua utani mwenyewe kwa mkono wako. Wakaleta kuku eti mtani ale apoe. Sikula. Kumbukeni yule kuku wa kwanza.

Mwanahawa peke yake hakucheka. Akanifuata pembeni. "Wewe unatania au unakagua?"

"Nakagua! Huoni nilivyokasirika?"

"Mtani akikasirika ndiyo utani unakolea. Ungekuwa umenyamaza ningeogopa." Akafunga ufunguo kwenye pindo. "Huu siutoi kwa mzee wala kwako. Mpaka nijue ni kipi."

Jumamosi asubuhi utani wa Nambilanje ukawa ukweli kwingine kote. Huko kwingine hawajui nani alicheka. Walisikia tu mkaguzi kasema kikoba kimekufa. Simu zikaanza. Lionja wanauliza muhuri bado unakubalika? Ruponda wanasema Jumatatu asubuhi wanakwenda kuchukua chao chote kabla wenzao hawajachukua. Mnaelewa? Kikoba kilichooza hakiamini kimeoza, na vilivyo vizima vinataka kujiua. Na nyumbani kwa Mzee Chitanda kuna mtu ameshaanza kusema kile kilichobaki kwenye kasha kitumike kutengenezea spika kwanza, ndipo zilete faida.

Mtandao Nambilanje pale ulikuwa unashika bila kukatika sehemu moja tu. Juu ya spika. Nikapanda, nikawaondoa kuku, nikampigia Bi Somoe. Nikamweleza yote, nikaongeza kwamba naacha kazi, na kwamba nitamchapa mtu.

"Umewaambia kimekufa?" akauliza.

"Mara tatu, Bi mkubwa."

"Wakasema nini?"

"Poleni wafiwa."

Nasikia mafuta yanachemka upande wake. "Shaibu, huko kwenu Lionja, Mmwera akifa, anayekaa getini kwenye msiba akashika vitu vya marehemu, akatukana wafiwa wasikasirike, akawapikia, akawaambia sasa mtosheke kulia, ni nani?"

Nikashuka kwenye spika bila kukata simu.

Ni mtani, jamani. Msibani ndugu wamekaa, hawana nguvu. Mtani ndiye anafanya kazi. Anaruhusiwa kukamata hata baiskeli ya mfiwa, hapewi neno baya, na hairudishi mpaka akombolewe. Mwaka mzima mtani haaminiki, ila siku ya msiba neno lake ndiyo sheria.

Jumapili asubuhi wenzangu wa Lionja walifika na bodaboda nne, kelele kuanzia mbali. Tukatandika mkeka uani kwa Mzee Chitanda. Tukaleta kasha tukaliweka katikati, tukalifunika kanga nyeupe. Nikavaa shati nje ndani. Nikakaa mlangoni nikatangaza: "Marehemu Kikoba cha Nambilanje amefariki. Kaacha wajane thelathini na mbwa mmoja. Ameuawa na spika. Anayejua hakumpenda aondoke, anayempenda akae chini!"

Watu wakatoka majumbani wanacheka. Halafu, mmoja mmoja, wakavua viatu. Wakakaa. Mkeka ukishatandikwa, umetandikwa. Wazee wakashika vichwa. Mama mmoja akaanza kulia kidogo kidogo kwa majaribio, halafu akaona kilio kinakuja kweli. Bibi Tabia akatoa ile kamba mfukoni, akaiangalia, akaikunja.

"Bati zangu," akasema.

"Ndiyo, bibi."

"Siyo utani."

"Utani ndiyo huu, bibi. Ila marehemu ni kweli."

Wenzangu wakazikamata spika. Kila spika mmoja wao akapanda juu, akakaa kama mfalme. Mzee Chitanda akaja mbio kofia mkononi. "Hizo zangu!"

"Za marehemu," nikasema. "Zikomboe."

Akaleta kuku. Tukamrudisha. Akaleta kuku wawili. Tukawauliza kuku kama wao wanaona inatosha. Akaanza kukasirika, na uwanja mzima ukamgeukia: "Mzee! Unamkasirikia mtani msibani?" Akameza. Sijawahi kuona mtu anameza hasira kubwa namna ile, mimi ningepasuka.

Mwisho akakaa mkekani na sisi. Akasema kwa sauti ndogo, bila utani, kwamba spika ziuzwe, na ufuta wake wa mwaka huu uingie kwenye kasha mpaka majina yote yaliyokopa yawe mepesi. Pamoja na la Simba. Nikaandika. Akatia kidole gumba. Mbwa alikuwepo muda wote, mkopaji pekee aliyekaa mwanzo mpaka mwisho.

Hapo Mwanahawa akafungua pindo la kanga. Akaweka ufunguo mkononi mwangu mbele ya watu wote. "Sasa nimejua ni kipi," akasema.

Kasha likafunguliwa. Hisa ndogo zote zikatengwa kwanza, kanuni ya pili, viongozi wakasubiri ufuta. Jumatatu gulio lilipoanza kulikuwa na kikoba kipya palepale, kasha lilelile limepakwa rangi ya bluu, kufuli mpya, vitabu vilevile, muhuri uleule, mwenyekiti Bibi Tabia. Watu wa Ruponda waliokuja kwanza kuona kwa macho kabla ya kuchukua chao kule kwao wakamkuta amekaa na kamba yake kiunoni anauza hisa. Wakauliza, muhuri wa Nambilanje unakubalika? Akawajibu, "Njooni mniulize mvua ikinyesha." Wakarudi na vitabu vyao. Na mvua ilipokuja ilimkuta chini ya bati, ndoo ameigeuza kiti.

Basi tukarekebisha kanuni. Mkaguzi bado anatoka upande wa pili. Ila akienda kufunga kikoba hasomi karatasi. Anatandika mkeka. Mkienda na karatasi mtachekwa, nimewaambia.

Sasa mimi kustaafu. Yule aliyenikabidhi ufunguo, mwaka uliofuata nilirudi Nambilanje kwa jambo ambalo halikuwa ukaguzi. Watani walinikamatia mahari njiani mara mbili, nikaikomboa mara mbili. Tumeoana. Na kanuni ya kwanza inasema mkaguzi asiwe na ndugu wala shemeji kwenye kikoba anachokagua, na mashemeji zangu sasa wamejaa vikoba vyote vya upande ule. Nikamwendea Bi Somoe, nikidhani kwa niliyomfanyia atanipindishia kidogo. Nimemtetea miaka sita, nimesukuma pikipiki kwa ajili yake! Akanipa kitumbua. "Kanuni uliandika wewe," akasema. "Mimi sijui kusoma." Nililia pale stendi, sina aibu. Mpaka leo mtu akimsema vibaya naanza kutafuta petroli.

Kwa hiyo mwezi ujao mtakuja Nambilanje. Mtanikuta mlangoni, kuku anachemka, mke wangu ana ufunguo mmoja kwenye pindo, na mimi nimewekwa kuwa mweka hazina. Nitawachekesha. Mimi ni mcheshi, sijizuii. Sasa sikieni: mkianza kucheka, rudisheni pesa kwenye kasha mhesabu upya. Nikifoka kwamba hamniamini, hesabuni mara ya tatu.